Matoleo yasiyopatana: somo kutoka darasa la kompyuta Kishanda

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu,

Katika kikao cha kupitia ripoti, baadhi yenu mlituuliza, tena kwa haki, kwa nini mradi wa maneno ya Kihaya ulionyesha wiki sita za kazi bila hata neno moja jipya kuongezwa. Swali hilo ndilo limetufanya tuandike somo hili. Jibu fupi ni kwamba programu yetu iligoma kujengwa kwenye kompyuta mpya. Jibu refu linahitaji kurasa hizi, na tunamwomba msomaji asiyejua mambo ya kompyuta asiziruke, kwa sababu tumeziandika hasa kwa ajili yake.

Programu yenyewe

Vijana wa darasa letu hapa Kishanda, wilayani Muleba, wamekuwa wakikusanya maneno na sentensi za Kihaya kutoka kwa wazee, hasa majina ya mimea, ya sehemu za kibanja na ya kazi za nyumbani ambayo watoto waliokulia Bukoba mjini au Mwanza hawayajui tena. Wazee watatu kati ya wale walioketi nasi mwanzoni wamekwisha kufariki. Maneno yao yamo katika mafaili. Programu huyasoma mafaili hayo, huunda sentensi sahihi za Kihaya na Kiswahili, kisha hutoa kurasa za kuchapa kwa ajili ya shule na vikundi vya akina mama.

Chombo kikuu tunachotumia hatukukibuni sisi. Kinaitwa Grammatical Framework, au GF kwa kifupi. Kilianza mwaka 1998 katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Grenoble, Ufaransa, na mwanzilishi wake Aarne Ranta akaendelea nacho Gothenburg, Sweden. Mwaka 2012 Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kazi yake ya kujenga sarufi ya Kiswahili kwa chombo hiki. Mwaka 2020 David Bamutura, Peter Ljunglöf na Peter Nabende walichapisha kazi ya sarufi ya Kinyankore na Kikiga. Msomaji wa Kagera anaelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa: Kinyankore na Kihaya ni ndugu, na mtu wa Muleba akifika Mbarara hatafuti mkalimani wa kumwagizia chai. Vijana wetu waliona kuwa njia imekwisha kufyekwa karibu hadi mlangoni petu.

GF ni lugha ya fanksheni, na kompaila yake, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, imeandikwa kwa lugha nyingine ya fanksheni iitwayo Haskell. Katika lugha za aina hii programu hujengwa kwa kanuni kama zile za hesabu: unaingiza kitu cha aina fulani, unapata kitu cha aina fulani, na kwa ingizo lile lile jibu ni lile lile leo na kesho. Ngeli za lugha zetu zinakaa vizuri sana humo. Fanksheni moja inapokea omuti na kutoa emiti. Nyingine inapokea jina na sifa na kuvipatanisha, kama Kiswahili kinavyodai kitabu kizuri lakini vitabu vizuri. Kompaila hukagua aina zote kabla programu haijaendeshwa hata mara moja, na ukiweka sifa mahali pa jina inakukatalia papo hapo.

Radi na kompyuta mpya

Mwaka 2023 radi iliharibu kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Mafaili ya maneno yalisalimika, kwa kuwa tulikuwa na nakala kwenye flashi mbili, tena katika maandishi ya kawaida ambayo kompyuta yoyote inaweza kuyafungua. Tulipata kompyuta mpakato nyingine. Kijana anayesimamia kazi alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: alishusha kutoka mtandaoni toleo jipya kuliko yote la kila kitu, akanakili kazi yetu, akaamuru ijengwe.

Ikakataa. Hakuna aliyekuwa amegusa hata mstari mmoja wa kazi yetu, na wiki moja kabla ya radi ilikuwa ikichapa kurasa bila tatizo.

Katika kikao kilichofuata palitolewa wazo kwamba kijana huyo amefuta kitu, ama kwa uzembe ama kwa makusudi, na kwamba mradi ukabidhiwe kwa mtu mwingine. Tunaandika jambo hili waziwazi kwa sababu alikaribia sana kuondolewa, na hakuwa na kosa hilo. Kosa lilikuwa letu sote, nalo lilifanyika muda mrefu kabla ya radi, kama tutakavyoeleza.

Utegemezi wa aina nyingine

Neno utegemezi wasomaji wetu wanalijua. Katika semina limezoeleka kutajwa kama ugonjwa wa kutibiwa: kikundi kinachokaa kikingoja mfadhili alete kila kitu. Kwa waandishi wa programu neno hilo halina aibu. Hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Anayetaka kusoma faili hachongi chombo cha kusomea; anachukua kifurushi kilichoandikwa na mtu mwingine katika nchi nyingine na kukitumia bure. (Tunaposema kifurushi hatumaanishi vile vya kununua intaneti kwenye simu, ingawa navyo vilitugharimu.) Kifurushi hicho nacho kinategemea vingine, na hivyo vingine tena. Tulipochora mti wa programu yetu kwenye karatasi ya manila, mistari yetu mia chache ilikuwa imeegemea vifurushi zaidi ya hamsini.

Mti wa namna hiyo unaweza kutikisika kwa jambo dogo sana. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad kutoka ghala la JavaScript. Kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya maneno. Miradi maelfu duniani, ikiwemo ya makampuni makubwa, ilishindwa kujengwa siku ile ile. Kwa hiyo Kishanda si peke yetu.

Kila kifurushi kina namba ya toleo. Desturi ya Haskell ni kwamba sehemu mbili za kwanza za namba zikibadilika, kwa mfano kutoka 1.5 kwenda 2.0, mwandishi anawaonya watumiaji kuwa umbo la vitu limebadilika na kazi yao ya zamani huenda isiingie. Kwa sababu hiyo kila anayetumia kifurushi cha mwenzake anatangaza mipaka: nakikubali kuanzia toleo hili, lakini kisifike lile.

Kwetu mgogoro uliangukia kifurushi kiitwacho aeson, kinachosoma na kuandika data za mtindo wa JSON. Toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2021. Programu yetu ilikuwa na vifurushi viwili vinavyokihitaji. Kimoja, cha kupanga kurasa, mwandishi wake alikuwa ameacha kukitunza, nacho kilisema: aeson chini ya 2. Kingine, ambacho kijana alikishusha kikiwa kipya, kilisema: aeson 2 au zaidi.

Fikirini washenga wawili. Upande wa bibi harusi unasema ndoa ifungwe kabla ya Kwaresima. Upande wa bwana harusi unasema ifungwe baada ya Pasaka. Kila upande una sababu zake na hakuna anayesema uongo, ila tarehe ya ndoa ni moja. Cabal, programu inayokusanya vifurushi vya Haskell, ndiyo mwenyekiti wa kikao hicho. Inajaribu tarehe zote, inaona hakuna inayowaridhisha wote, inafunga kikao na kuandika ripoti ndefu ya nani alikataa nini.

Mzee mmoja wa kamati aliuliza swali zuri: kwa nini zisiwekwe aeson zote mbili, kila mmoja atumie yake? Zipo lugha zinazofanya hivyo. Katika JavaScript kila kifurushi kinaweza kubeba nakala yake mfukoni. Katika Haskell, Cabal huchagua toleo moja tu la kila kifurushi kwa programu moja, na sababu yake inaeleweka. Kitu kilichotengenezwa na aeson 1.5 na kile cha aeson 2.0 vina jina moja, lakini kwa kompaila ni kama Yohana wa ukoo huu na Yohana wa ukoo ule: huwezi kumpa mmoja barua ya mwingine. Wanaotunza visima wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Pampu ya Nira na pampu ya Afridev zote ni pampu za mkono, na vipuri vya moja haviingii kwenye nyingine hata ukigonga kwa nyundo.

Hapa tungependa kuwatetea kidogo watu wa fanksheni. Kukataa huku kunaudhi, lakini kunatokea ofisini, kabla ya kazi kuanza. Katika lugha nyingine nyingi programu ingekubali kuwaka, kisha ingesimama katikati, pengine siku ya kugawa kurasa kwa walimu, au mbaya zaidi ingeendelea na kuchapa makosa.

Tulivyotoka

Wiki mbili za kwanza zilipotea kwa kubahatisha. Vijana walisoma mstari wa kwanza wa ripoti ya Cabal tu, ambao ulisema haikuweza kupata mpango, wakaanza kushusha na kufuta, kushusha na kufuta. Kompaila ya Haskell pekee ni mamia ya megabaiti, na kwa bei ya intaneti ya simu fedha za robo mwaka zilikwisha. Fundi mmoja tuliyempigia aliwaeleza kwamba habari yenyewe iko chini zaidi, panapotajwa majina na mipaka. Ripoti ni ya Kiingereza, hivyo tulikaa pamoja tukaitafsiri mstari kwa mstari na kuchora ule mti. Kwa karatasi ya manila na kalamu mbili za rangi, mgogoro ulionekana kabla ya saa sita mchana.

Mbele yetu kulikuwa na njia kadhaa. Ya kwanza ni kuuliza kama sharti la upande mmoja ni la kweli au ni tahadhari tu. Mara nyingi mwandishi huandika "chini ya 2" kwa sababu alipoandika, 2 haikuwepo, naye hakutaka kuahidi asichokijua. Cabal ina amri ya kupuuza mpaka wa juu wa namna hiyo, nayo ni "--allow-newer". Tuliijaribu. Kwa bahati mbaya sharti lilikuwa la kweli: aeson 2.0 ilibadilisha namna ya kuhifadhi majina ndani ya data, na kile kifurushi cha kurasa kilikuwa kinashika majina hayo kwa umbo la zamani. Kompaila ilionyesha makosa tisa.

Njia ya pili ndiyo iliyotuokoa, nayo ni kurudi kwenye siku ambayo pande zote zilikuwa zinapatana. Kuna mkusanyo uitwao Stackage, ambao watunzaji wake huchukua vifurushi vingi vya Haskell, huvijenga vyote pamoja, na kutangaza orodha ya matoleo yaliyothibitika kuelewana. Orodha zenye kutunzwa muda mrefu huitwa LTS. Ile ya 18 ina kompaila ya GHC 8.10 na aeson 1.5, ya 19 ina GHC 9.0 na aeson 2.0. Tulichagua 18, tukarudisha kile kifurushi kipya kwenye toleo lake la zamani, na sehemu ya Haskell ikajengwa jioni ile ile.

Bado GF yenyewe ilikuwa na lake. Zamani mtu akishusha GF alipata kompaila pamoja na maktaba ya sarufi za lugha katika mzigo mmoja. Kuanzia toleo la 3.10 la mwaka 2018 vitu hivyo viwili vimetenganishwa, kila kimoja kinakwenda kwa mwendo wake, na mtumiaji lazima achukue vyote viwili na kuielekeza kompaila mahali maktaba ilipo. Kijana wetu alikuwa amejifunza kwa kitabu cha zamani. Alishusha kompaila mpya, akakuta sarufi hazipo, akadhani mtandao ulikatika, akashusha tena mara tatu. Tulilitatua hilo kwa siku moja baada ya kujua, lakini kujua kulichukua juma zima.

Njia ya tatu tuliifanya baadaye, kwa utulivu: tulikiondoa kabisa kile kifurushi kilichoachwa na mwandishi wake. Tuligundua kwamba tulikuwa tunatumia sehemu yake ndogo mno, na vijana wakaandika wenyewe mistari isiyofika mia ya kufanya kazi hiyo. Si kila kifurushi kinastahili kuondolewa hivyo. Hatungethubutu kuandika upya aeson, sembuse GF.

Kosa letu lilikuwa wapi

Wakati programu ilipokuwa nzima, hakuna aliyeandika ni matoleo gani hasa iliyategemea. Kwenye faili la mradi tulikuwa tumetaja majina ya vifurushi bila namba, kama mtu anayeandika "mbegu ya maharage" bila kusema aina. Cabal ina amri ya "cabal freeze" inayoandika orodha kamili ya matoleo yote, hata ya vile vifurushi hamsini ambavyo hatukuvitaja. Stack, programu ya pili ya kazi hiyo hiyo, huandika faili lake la kufungia. Ni kazi ya dakika moja. Tungekuwa na faili hilo kwenye flashi moja na maneno yetu, zile wiki sita zingekuwa siku chache.

Jambo jingine ni kutenganisha miradi. Zamani vifurushi vyote vya Haskell kwenye kompyuta moja viliwekwa ghala moja la pamoja, na kusakinisha programu moja kuliweza kuivunja nyingine iliyokuwa nzima. Watumiaji waliiita hali hiyo jehanamu ya Cabal, mtuwie radhi. Tangu Cabal 3.0 ya mwaka 2019 kila mradi unapangiwa vifurushi vyake pasipo kugusa vya jirani. Wakulima wetu walifundishwa jambo linalofanana na hili wakati mnyauko wa migomba ulipoenea Kagera katikati ya miaka ya 2000: panga lililokata mgomba mgonjwa haliingii kibanja kingine kabla ya kupitishwa motoni.

Mfadhili mmoja aliuliza, kama LTS 18 inafanya kazi, kwa nini tusibaki nayo milele. Kwa sasa tunaweza, kwa kuwa programu yetu haiko kwenye mtandao. Lakini badiliko la aeson 2.0 halikuwa la mapambo. Toleo la zamani lilikuwa na udhaifu: mtu mwenye nia mbaya angeweza kutuma data zilizopangwa kwa hila zikaichosha kompyuta inayozipokea. Siku tutakapoweka kamusi hii mtandaoni, tutalazimika kuhama. Aidha kompyuta mpya hukoma kupokea kompaila za zamani, nasi tumekwisha kuona radi haitoi taarifa.

Kuna lawama moja tunayoibeba bila kujitetea sana. Mjini Bukoba unaweza kupata fundi wa PHP. Wa Haskell hatujampata. Tungeulizwa leo, GF tungeichagua tena, kwa sababu hatujaona chombo kingine kinachoshika ngeli namna ile; lakini sehemu ya kupanga kurasa ingeweza kuandikwa kwa lugha ambayo vijana watano wanaijua badala ya mmoja. Sasa wawili zaidi wanajifunza, na zoezi lao la kwanza lilikuwa kuijenga programu hii kwenye kompyuta tupu wakifuata maelezo yaliyoandikwa tu, bila kumuuliza mwenzao. Walikwama mara nne. Maelezo yakarekebishwa mara nne.

Tumeomba siku mbili za kazi kila robo mwaka kwa zoezi hilo hilo, pamoja na diski ya nje ya kuhifadhi kompaila, maktaba ya GF na vifurushi vyote vilivyofungiwa, ili anayeanza upya asinunue intaneti kwa ajili ya kitu tulichokwisha kukilipia. Nakala moja itakaa Kishanda na nyingine Bukoba. Katika bajeti itaonekana kama "matunzo ya programu". Ni mstari ambao kwa kweli hautoi neno jipya hata moja la Kihaya, na tunajua utaulizwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

Mnayo programu yoyote, ya orodha ya waumini, ya zahanati au ya hesabu za ushirika, na ni nani anayejua inategemea nini? Kompyuta yake ikiharibika leo usiku, ni kitu gani kimeandikwa cha kumwezesha mtu mwingine kuirudisha? Data zake zinaweza kufunguliwa bila programu hiyo? Na mara ya mwisho kazi ilipokwama pasipo sababu ya kuonekana, ni nani aliyelaumiwa, na je, mlirudi kumwambia matokeo ya uchunguzi?